Fedha za UKIMWI kutoka nje na watumishi wetu wa afya: tuchague njia ipi?

Kila baada ya miaka mitatu Zanzibar huandaa maombi yake kwa Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Juu ya hayo, Septemba 2025 Marekani ilitangaza mkakati mpya wa afya unaotaka makubaliano ya Serikali kwa Serikali: itaendelea kugharamia dawa na watumishi wa mstari wa mbele kwa kuanzia, kisha nchi husika zibebe mzigo huo hatua kwa hatua. Vikao vya mambo haya vinapokaa, suala la dawa humalizwa mapema, kwa sababu bila dawa mtu anakufa na hakuna wa kubisha. Linalorushwa mpaka saa ya mwisho ni suala la watu. Nani ataajiriwa, na nani, kwa muda gani, atalipwa kutoka mfuko upi, na bosi wake atakuwa nani.

Nawaandikia wanaokaa kwenye vikao hivyo, au wanaotakiwa kutoa maoni kabla havijakaa: wajumbe wa kamati ya uratibu, maofisa mipango, madaktari dhamana wa wilaya, viongozi wa jumuiya za kiraia. Njia za kutumia fedha hizi kuimarisha watumishi na uongozi wa afya ni nyingi, na nyingi zimeshajaribiwa karibu na kwetu. Nazilinganisha kwa kipimo kimoja ambacho nakiweka juu ya vyote: siku fedha zitakapokoma, nini kitabaki kituoni?

Kwanza tujitazame sisi

Wengi huizungumza Zanzibar kana kwamba ni mkoa mmojawapo wa Tanzania Bara. Katika afya sivyo. Afya si jambo la Muungano. Tuna Wizara yetu, Bohari Kuu yetu ya Dawa pale Maruhubi, Tume yetu ya UKIMWI iliyoundwa kwa sheria ya 2002 na iliyo chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na kamati yetu wenyewe ya kuratibu fedha za Mfuko wa Dunia. Maana yake tukichagua vibaya hatuna wa kumlaumu Dodoma.

Wagonjwa wa mwanzo waligundulika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 1986. Leo, katika watu 1,889,773 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, kiwango cha maambukizi kwa jumla kiko chini ya asilimia 1. Ni habari njema, lakini ina gharama yake mezani: mfadhili anayegawa fedha kwa kuangalia ukubwa wa tatizo atatupa kidogo, na kila tunapofanya vizuri zaidi atatupa kidogo zaidi. Pia virusi vimejikusanya kwenye makundi yanayojificha. Uchunguzi wa 2007 miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya ulikuta maambukizi ya asilimia 16, na ule wa 2012 ukakuta asilimia 11.3. Watu hao hawajitokezi wenyewe kituoni kwa sababu tu kuna bango la huduma bure.

Tena tunayo kumbukumbu ambayo nchi nyingi hazina. Kampeni ya malaria iliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani ilianza hapa 1957, ikashusha ugonjwa sana, ikafungwa 1968, na malaria ikarudi. Katika miaka ya 1980 fedha za Marekani zikaanzisha mradi mwengine, nao ukafungwa mwaka 1989, malaria ikarudi tena. Mara mbili ugonjwa ulishindwa na mara mbili ulirudi kwa sababu kazi ilikuwa ya mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Anayepanga fedha za UKIMWI Zanzibar na asiikumbuke historia hii anapanga nusu.

Shirika au Wizara: hapa ndipo penye uzito

Njia ya shirika inajulikana. Fedha zinatoka kwa mfadhili, zinakwenda kwa shirika la kimataifa, linashirikiana na jumuiya ya hapa, na mwisho wake ni watumishi wa mkataba wanaofanya kazi ndani ya jengo la Serikali. Mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulioanza 2003 na ulioiweka Tanzania miongoni mwa nchi zake za mwanzo, ulitegemea sana njia hii. Kwa upande wetu mashirika kama ICAP ya Chuo Kikuu cha Columbia yalisaidia kuzijenga kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU.

Tuiseme kwa haki: mwaka 2003 watu walikuwa wanakufa, na kusubiri Serikali ipate kibali, itangaze nafasi, isaili na iingize majina kwenye orodha ya mishahara kungechukua muda ambao wagonjwa hawakuwa nao. Shirika linaweza kuajiri ndani ya wiki chache. Linaweza kununua jokofu la maabara bila kuzunguka ofisi tano. Hesabu zake zinakaguliwa kwa masharti makali. Na kuna jambo ambalo sisi wa visiwani tunalijua kuliko wageni: hapa kila mtu anamjua mwenzake. Kijana anayetumia dawa za kulevya akimwona binti wa jirani yao kwenye dirisha la kadi, anageuza njia. Jumuiya yenye watu waliopitia maisha hayo hayo inamfikia pale ambapo Serikali haimfikii. ZAPHA+, jumuiya ya watu wanaoishi na VVU, ipo tangu 1994, miaka mingi kabla dawa za kufubaza virusi (ARV) hazijafika kwenye vituo vyetu. Uaminifu wa namna hiyo haununuliwi kwa zabuni.

Upande wa pili tuuone kwa karibu. Chukua kliniki ya CTC katika hospitali ya wilaya kule Pemba. Asubuhi ndani ya chumba kuna muuguzi mmoja wa Serikali, na waliobaki ni wa mradi: mshauri nasaha, karani wa takwimu, mhudumu rika. Karani ndiye anayejua nani amekosa miadi wiki hii. Simu anayowapigia ni ya mradi, vocha ni ya mradi, neno la siri la kompyuta analo yeye. Mhudumu rika ndiye anayejua kwamba mama fulani hakuja kwa sababu mume amerudi kutoka dago. Muuguzi anatoa dawa, anajaza daftari la Wizara, kisha anajaza fomu ya mradi yenye maswali yale yale kwa mpangilio mwengine. Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025 Marekani ilituma amri ya kusitisha kazi kwa miradi yake ya misaada duniani kote. Barua ya namna hiyo ikifika kwenye kliniki niliyoieleza, Jumatatu dawa zitakuwepo kabatini, majalada yatakuwepo rafuni, na wanaojua nani wa kumfuata nyumbani hawatakuwepo. Muuguzi atabaki na kompyuta isiyofunguka.

Kuna hasara nyengine inayokuja taratibu zaidi. Mradi unalipa vizuri kuliko Serikali, basi muuguzi mwenye uzoefu anaacha wodi ya wazazi na kuhamia chumba cha pili, jengo lile lile, kwa mshahara wa mradi. Kwenye ripoti ya mradi huyo ni mtumishi mpya aliyeongezeka. Kwa hospitali ni mkunga aliyepungua. Sijaona ripoti ya mradi inayolihesabu pengo hilo.

Njia ya Wizara ina kasoro zake, tena nzito. Ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, inachelewa kupitiwa, kibali cha ajira kinachelewa kutoka, na fedha zikiingia Hazina bila kasma yake maalumu, yaani fungu lake kwenye bajeti, zinaweza kukaa hadi mwaka wa fedha unaisha. Waajiriwa wapya wana tabia ya kurundikana Mjini Magharibi huku Micheweni kule Pemba ikisubiri. Mfadhili akiona hivyo anasema hamuwezi, anarudi kwa shirika, na Wizara inakosa tena nafasi ya kujifunza kuweza.

Hata hivyo nachagua Wizara, na nitasema kwa nini. Mtumishi aliye kwenye ikama ana cheo, ana mafao, ana daktari dhamana wa kumuuliza, anahamishika pale panapohitajika. Leo yuko CTC, kesho kliniki ya sukari na presha. Na hapa ndipo fedha za UKIMWI zilipotufanyia wema mkubwa zaidi, ingawa hausemwi sana. Kabla ya CTC, huduma zetu nyingi zilizoea mgonjwa anayekuja, anatibiwa, anaondoka. CTC ilitufundisha kumshughulikia mtu wa maisha yote: kadi yenye namba, tarehe ya kurudi, kumtafuta asipokuja, kupima kama dawa inafanya kazi. Ujuzi huo huo ndio anaouhitaji mwenye kisukari. Lakini utahamia kwake iwapo tu aliyenao ni mtumishi wa hospitali. Akiwa ni mtumishi wa mradi, mkataba wake wenyewe unamzuia kumgusa mgonjwa asiye wa mradi.

Njia hizi zinaweza kuunganishwa vizuri, na mfano upo nyumbani. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilifunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015, miaka minne baada ya ile ya Muhimbili. Huduma iko ndani ya hospitali ya Serikali, msaada wa nje umo, na jumuiya na nyumba za kurekebisha tabia zinawafikia vijana na kuwaleta. Kila mmoja anafanya analoliweza. Jumuiya ipewe kazi ya kufikia watu, ilipwe vizuri kwa kazi hiyo, na tiba yenyewe ibaki kwa watumishi wa Serikali.

Kuongeza mishahara au kuongeza watu

Malawi walianza na mishahara. Mwaka 2004, kwa fedha za Uingereza, Mfuko wa Dunia na za kwao wenyewe, walianzisha mpango wa dharura uliowaongezea asilimia 52 ya mshahara watumishi wa kada 11, pamoja na kupanua vyuo. Katika kada hizo idadi ilipanda kutoka watumishi 5,453 mwaka 2004 hadi 8,369 mwaka 2009. Ni ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka mitano. Jambo la kuliangalia ni kwamba nyongeza ilipewa kada nzima, si wanaotibu UKIMWI peke yao. Muuguzi wa wodi ya watoto aliipata kama wa kliniki ya ARV. Ugumu wake unakuja mwishoni: nyongeza ya namna hiyo ikishaanza kutolewa haiondoleki, na mfadhili akiondoka Serikali inabaki na deni la kila mwezi.

Kenya walikuwa na tatizo la kushangaza: wauguzi wako mitaani hawana kazi, na vituo havina wauguzi. Mwaka 2006 msaada wa Marekani uligharamia kuajiri zaidi ya 800 kwa mkataba wa miaka mitatu, kwa makubaliano kwamba baada ya hapo Serikali itawachukua. Waliajiriwa kwa utaratibu uliowekwa wazi na kupelekwa pembezoni. Mkataba wa namna hii naupenda kwa sababu moja: tarehe ya Serikali kuwapokea ilikuwemo tangu siku ya kwanza.

Tanzania Bara wana mfano ambao unastahili kusomwa na kila anayepanga mambo haya. Taasisi ya Benjamin Mkapa iliundwa 2006 ikiwa na neno UKIMWI ndani ya jina lake, na mpango wake wa kupeleka watumishi wenye ujuzi kwenye wilaya zenye shida ulikuwa umeshaanza 2005. Baadaye neno lile likaondoka kwenye jina na kazi ikabaki: kuwatafuta, kuwaajiri na kuwaweka watumishi wa afya vijijini. Ilianza kwa ugonjwa mmoja ikaishia kuwa chombo cha mfumo mzima.

Kwetu, nyongeza ya mshahara kwa kada nzima itakuwa mzigo ambao sioni nani ataubeba. Nyongeza kwa ajili ya ugonjwa ni mbaya zaidi, maana inawagonganisha watu wanaokunywa chai meza moja: wa CTC anapata, mkunga aliyekesha hapati. Nyongeza ninayoweza kuitetea ni ya mahali. Anayekubali kukaa visiwa vidogo kama Kojani, Fundo, Makoongwe au Tumbatu, anayepanda chombo na sanduku la chanjo mapajani, anayeacha watoto wake skuli ya mjini, huyo alipwe zaidi, awe anatibu VVU au anazalisha. Na ikiwa fedha ni za kuchagua moja, niajirie watu kwa mfano wa Kenya kabla hujanigawia posho.

Semina au chuo

Hapa sitazunguka. Mafunzo ya siku tano hotelini ndiyo matumizi dhaifu kuliko yote, na ndiyo yanayopendwa kuliko yote. Kila upande una sababu. Mfadhili anapata idadi ya kuripoti, mratibu anatumia bajeti kwa wakati, na mtumishi anapata posho inayomsaidia kweli kweli mwisho wa mwezi. Aliyebaki kwenye foleni ndiye asiyepata kitu. Kituo chenye wauguzi wawili kikiwa na mmoja semina na mwengine likizo ya uzazi, kimefungwa, hata kama mlango uko wazi. Kuna mafunzo ya lazima: dawa ikibadilishwa, mwongozo ukibadilika, lazima watu wakae wafundishwe. Lakini hayo yanaweza kufanyika kituoni, mkufunzi akija yeye, na wagonjwa wakiwepo.

Bunge la Marekani lenyewe lililiona tatizo hili. Sheria iliyoiongezea PEPFAR muda mwaka 2008 iliweka lengo la kufundisha watumishi wapya 140,000, kwa maana ya watu wanaoongezeka kwenye mfumo, si waliokwishakuwepo wanaohudhuria semina nyengine. Kutoka hapo vyuo vya tiba barani Afrika vikapata misaada. Kwa upande wa Bara chuo cha KCMC Moshi kilikuwa miongoni mwao.

Walioenda mbali zaidi ni Rwanda. Mwaka 2012 walianza mpango wa miaka saba wa kuongeza wataalamu, ukigharamiwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani na Mfuko wa Dunia. Vyuo zaidi ya 20 vya Marekani vilileta walimu, kila mmoja akiwa pamoja na mwalimu Mnyarwanda anayemrithisha kazi. Fedha zilipitia Wizara ya Afya ya Rwanda, na Wizara ndiyo iliyoamua fani zipi zinahitajika. Gharama za uendeshaji za vyuo vile zilibanwa zisizidi asilimia 7, jambo ambalo kwenye miradi ya kawaida ni nadra kulisikia. PEPFAR ilijitoa 2017, kabla ya muda. Walioondoka waliondoka, lakini madaktari bingwa waliokwishahitimu walikuwa Wanyarwanda, na walikuwa hospitalini.

Zanzibar tuna pa kuanzia. Mafunzo ya udaktari yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa walimu wa Chuo cha Matanzas cha Cuba yameingia SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na chuo cha sayansi za afya cha Mbweni nacho kimeingia SUZA. Madaktari wa China kutoka Jiangsu wamekuwa wakija tangu 1964, na maabara ya Ivo de Carneri kule Wawi, Pemba, ipo tangu 2000. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokana na UKIMWI, na hilo ndilo linalonifanya niseme fedha za UKIMWI zingeweza kujifunza kwao. Ukipewa kuchagua kati ya semina ishirini na kugharamia kundi moja la wauguzi wa Pemba wasome miaka mitatu SUZA, kwa sharti la kurudi kufanya kazi Pemba, chukua wauguzi. Naweka mkazo kwenye Pemba. Anayetoka Konde au Kengeja ana nyumba pale, ana wazee pale, na ana sababu ya kubaki ambayo haihitaji kulipiwa.

Wahudumu wa jamii

Nitasema kidogo, kwa kuwa kazi kubwa imeshafanyika. Mpango wa Jamii ni Afya umeenea visiwa vyote tangu 2021, ukiwa na wahudumu wa kujitolea wapatao 2,300 wanaotumia simu kuzitembelea kaya. Kuanzisha kikosi kingine cha UKIMWI pembeni yao itakuwa kupoteza. Ila tahadhari: VVU ni siri ya mtu, na mhudumu ni jirani yake. Kumkumbusha mama mjamzito kliniki ni sawa. Kumfuata mtu kwa ajili ya ARV kunahitaji ridhaa yake kwanza, na ikiwezekana afuatwe na mtu wa shehia nyengine.

Nani anashika daftari

Uongozi wa afya unajengwa au kubomolewa kwenye mambo yanayoonekana madogo. Mwaka 2004 nchi na wafadhili walikubaliana kwamba UKIMWI katika kila nchi uwe na mpango mmoja, chombo kimoja cha uratibu na mfumo mmoja wa ufuatiliaji. Kwenye karatasi tunavyo vyote vitatu. Kituoni bado mara nyingi kuna daftari la Wizara na fomu ya mradi. Mfadhili anayesema anaimarisha uongozi wa Serikali huku akidai takwimu zake kwa mfumo wake anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwengine. Kitengo shirikishi cha UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu na ukoma kimeshatuonyesha kwamba programu zilizokuwa mbali mbali zinaweza kukaa chini ya paa moja. Takwimu nazo zikae chini ya paa hilo, na anayetaka azichukue hapo.

Sasa kuna jambo jipya. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini makubaliano chini ya mkakati mpya wa Marekani, Desemba 2025: miaka mitano, dola bilioni 2.5, ambapo Marekani inatoa hadi bilioni 1.6 na Kenya inaongeza milioni 850. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikasimamisha sehemu inayohusu kupeana taarifa za afya za wananchi. Makubaliano ya Serikali kwa Serikali ndiyo njia ninayoitaka, na kwa sababu hiyo hiyo nataka yasomwe kwa makini zaidi. Shirika likikosea, mradi unafungwa. Serikali ikitia saini vibaya, tunafungwa sote. Kwa Zanzibar lipo swali la ziada: makubaliano yakitiwa saini kwa jina la Jamhuri ya Muungano, ikama yetu, kasma yetu na takwimu zetu zinaingia kwa kifungu kipi? Wizara yetu iwe mezani tangu rasimu ya kwanza, na Baraza la Wawakilishi lione masharti kabla ya saini, si baada.

Pia nani atakagua? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Zanzibar ndiye anayestahili, na ripoti yake ijadiliwe hadharani. Wafadhili wengi wanaleta mkaguzi wao kwa sababu hawamwamini wetu. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingewaongezea wakaguzi wetu uwezo, na ingebaki.

Kwa hiyo uchague vipi

Ukiwa mjumbe wa kamati ya uratibu, uliza kila nafasi ya kazi iliyomo kwenye maombi: ina namba ya ikama? Kama haina, itapata lini, na nani ameahidi kwa maandishi? Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulipunguza ruzuku zilizokwishatengwa kwa dola bilioni 1.43. Ukijua hilo, huwezi kuipitisha nafasi ya mshauri nasaha kwa miaka mitatu bila mstari unaosema mwaka wa pili Wizara inalipa theluthi na mwaka wa tatu inalipa nusu. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, nao uingizwe kwenye mazungumzo haya mapema. Mtu anayeishi na VVU ni mwanachama wake kama mwengine, na huduma zake zinaweza kuanza kulipiwa humo kidogo kidogo kabla hatujalazimishwa.

Ukiwa daktari dhamana wa wilaya, huna nguvu juu ya mkataba wa Geneva au Washington, lakini una nguvu juu ya chumba. Kila mtumishi wa mradi awe na mtumishi wa Serikali pembeni yake anayeijua kazi ile. Neno la siri liwe kwa watu wawili. Orodha ya waliokosa miadi ichapishwe kila Ijumaa na ikae kwenye kabati la hospitali, lenye kufuli. Ratiba ya semina ipite kwako kwanza, na uwe na ujasiri wa kusema wiki hii simwachii mtu.

Ukiwa kiongozi wa jumuiya, usione maneno yangu ni ya kukunyang'anya riziki. Dai mkataba na Wizara yenyewe, wa kazi ambayo Serikali haiwezi: kuwafikia vijana wa maskani, kina mama wanaoficha kadi, waliorudishwa nyumbani na familia. Jumuiya inayolipwa na Serikali kwa kazi inayoeleweka ina maisha marefu kuliko ile inayosubiri mradi wa tano wenye jina jipya. Wizara nayo iwe tayari kuilipa kwa wakati, na hili nalisema kwa mkazo, maana jumuiya ndogo ikicheleweshewa malipo miezi sita haipo tena.

Na ukiwa umekaa upande wa mfadhili, na wako Wazanzibari wengi waliokaa upande huo na wanaoipenda nchi yao, una kifungu kimoja unachoweza kukiingiza kwenye rasimu kesho asubuhi: mtumishi yeyote wa Serikali akiajiriwa na mradi, mradi ulipe gharama za kumsomesha wa kuziba nafasi yake, katika wilaya ile ile aliyoiacha.